Usomaji wa vinasaba vya mihogo: Mkulima wa Geita na Shinyanga anafaidikaje?

MKULIMA anayenunua mbegu ya mahindi anaweza kuimwaga kiganjani, akaipuliza na kuitazama kama imetobolewa na wadudu kabla ya kutoa fedha yake. Anayenunua pingili za mihogo hana nafasi hiyo. Pingili safi na pingili yenye virusi vya ugonjwa wa michirizi ya kahawia zinaweza kufanana kama mapacha. Tofauti yake huja kuonekana siku ya kuvuna, miezi tisa, kumi na miwili au zaidi baadaye, mkulima anapopasua mhogo na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu, ambayo hayaliki wala hayauziki.

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama kwenda Geita, hilo si jambo dogo. Palipo na machimbo, watu hufika kabla ya mashamba. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko wanahitaji kula kila siku, na mama lishe wanaowahudumia wanahitaji unga wa udaga na mihogo mibichi. Katoro, mji uliokua haraka kwa biashara, hupokea mizigo ya chakula kutoka vijiji vingi vinavyouzunguka. Upande wa Shinyanga, ambako mvua si za kutegemea, mhogo ni akiba ya familia pale mahindi yanapokauka.

Kwa hiyo mhogo unapooza ardhini, wa kwanza kuumia ni mkulima. Wa pili ni mchuuzi aliyenunua shamba zima likiwa bado halijang'olewa. Wa tatu ni jirani aliyeomba pingili za mbegu kutoka shamba hilo hilo.

Makala haya yanaeleza kazi moja ya kisayansi ambayo mkulima haioni, lakini ambayo majibu yake humfikia kwa njia ya mbegu na vipimo: kazi ya kusoma vinasaba vya mhogo kwa mashine za aina mbalimbali na kuyaunganisha masomo hayo yawe kitu kimoja. Ikifanywa vizuri, hutuonyesha ni mhogo upi unaohimili ugonjwa na kwa nini. Ikifanywa vibaya, hutoa orodha ndefu inayopendeza machoni, lakini inayoweza kumpeleka mtafiti, na baadaye mkulima, njia isiyo sahihi.

Ugonjwa uliopanda mlima

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia si mgeni Tanzania. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey aliyekuwa katika kituo cha Amani, Tanga. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na maeneo ya chini. Geita na Shinyanga ziko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwinuko huo ulidhaniwa kuwa kinga.

Dhana hiyo ilivunjika mwaka 2004, ugonjwa ulipoonekana Uganda katika maeneo ya juu ya mita 1,000. Miaka iliyofuata ulienea katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria. Sasa mkulima wa Kanda ya Ziwa ana maadui wawili kwa wakati mmoja: batobato, inayokunja na kudumaza majani machanga ya juu, na michirizi ya kahawia, ambayo mara nyingi huonyesha umanjano kwenye majani ya chini yaliyokomaa, au haionyeshi chochote mpaka siku ya kuvuna.

Mwaka 2009, mtafiti Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba virusi vya michirizi vilivyokuwa katika eneo la Ziwa Victoria vilitofautiana kivinasaba na vile vya mwambao wa Bahari ya Hindi. Baadaye ilikubalika kwamba ni aina mbili za virusi, si moja. Mwaka 2011 timu hiyo iliripoti kuwa aina zote mbili zimesambaa sana Afrika Mashariki, wakati mwingine zikiwa ndani ya mmea mmoja, na hata ndani ya mti wa mpira ambao ni ndugu wa mhogo.

Virusi hivi huenezwa na nzi weupe, lakini nzi hao hawakai navyo muda mrefu, hivyo huvipeleka umbali mfupi tu. Anayevisafirisha kutoka wilaya moja hadi nyingine ni binadamu mwenye furushi la pingili juu ya baiskeli, pikipiki au lori. Ndiyo maana suala hili ni la kibiashara kama lilivyo la kilimo.

Mashine inasoma nini?

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS ya pamba. Katiba na kanuni za chama zimefungiwa kabatini. Hazibadiliki wiki hadi wiki. Lakini kila siku katibu hutoa barua na maagizo: lipa wakulima, agiza magunia, itisha mkutano. Ukitaka kujua kanuni za chama, soma katiba. Ukitaka kujua chama kinafanya nini wiki hii, soma barua zilizotoka.

Mmea nao uko hivyo. Katiba yake ni DNA, ambayo ni ile ile katika jani, shina na mzizi, mmea ukiwa mzima au mgonjwa. Barua zake ni nakala ziitwazo RNA, ambazo mmea huzitoa pale unapohitaji kufanya kazi fulani. Jumla ya barua zote zilizokutwa katika sehemu ya mmea kwa wakati mmoja huitwa transkriptomu. Mhogo ukishambuliwa na virusi, barua hubadilika: baadhi huongezeka, nyingine hupungua. Ukilinganisha barua za mhogo unaohimili na za mhogo unaokufa, unaanza kuona siri ya ustahimilivu.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi haziwezi kusoma barua nzima kwa mara moja. Husoma vipande, kisha programu ya kompyuta huviunganisha kwa kutazama mahali vinapoingiliana, kama mtu anayeunga karatasi iliyochanwa.

Mashine zenyewe hazifanani. Njia ya zamani ya Sanger husoma vipande vya herufi mia kadhaa kwa usahihi mzuri, lakini vichache na kwa gharama kubwa. Mashine za 454 zilizouzwa na kampuni ya Roche zilisoma vipande vya mamia ya herufi, ila zilichanganyikiwa pale herufi moja inapojirudia mara nyingi mfululizo. Mashine za Illumina husoma vipande vifupi, vingi mno, vyenye makosa machache. Mashine za PacBio na Oxford Nanopore husoma vipande virefu vya maelfu ya herufi, pengine barua nzima, ingawa za mwanzo zilikuwa na makosa mengi zaidi.

Kitabu cha kwanza cha vinasaba vya mhogo, kilichotangazwa mwaka 2009 na kuchapishwa rasmi mwaka 2012, kilitegemea sana mashine za 454. Kilihesabu takriban jeni 30,000. Mhogo uliosomwa ulitokana na kazi ya kituo cha utafiti cha CIAT nchini Colombia, haukuwa wa Sengerema wala wa Bukombe. Mwaka 2016 kilitoka kitabu kilichoboreshwa kwa takwimu za mashine mpya.

Wakati huo huo, Roche ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaachana na mashine za 454. Mashine zikaondoka sokoni, lakini takwimu zake zimebaki katika ghala za umma ambazo mtafiti yeyote anaweza kuzipakua bure. Je, zitupwe? Mchumi atakujibu hapana. Fedha ya kuzikusanya imekwisha kutumika, na mmea uliougua miaka 15 iliyopita huwezi kuurudia ukachuma jani lake tena. Njia ya busara ni kuunganisha ya zamani na mapya. Swali ni namna ya kuunganisha.

Madaftari matatu, wakulima wale wale

Turudi kwenye AMCOS. Tuseme chama kina madaftari matatu ya wanachama yaliyoandikwa na makarani watatu kwa nyakati tofauti. La kwanza lina majina 400, la pili 450, la tatu 300. Karani mvivu atajumlisha na kutangaza kwamba chama kina wanachama 1,150. Kila mtu kijijini anajua wanachama hawafiki hata nusu ya hapo.

Kosa liko wapi? Kwanza, mkulima mmoja kaandikwa Masanja Juma katika daftari moja, Juma Masanja katika la pili, na J. Masanja katika la tatu. Ni mtu mmoja aliyehesabiwa mara tatu. Pili, kuna ndugu wawili wenye majina yanayokaribiana. Karani mwingine, kwa haraka ya kufuta marudio, amewaunganisha na kumfuta mmoja. Tatu, ukurasa umechanika na jina la mtu mmoja limeungwa na ekari za mwingine, akapatikana mkulima ambaye hayupo duniani.

Mambo haya matatu ndiyo yanayowasumbua watafiti wanapounganisha mikusanyo ya transkriptomu kutoka mashine tofauti. Barua moja husomwa nzima na mashine ya vipande virefu, na husomwa vipande vitatu na mashine ya vipande vifupi, kisha huhesabiwa kama barua nne. Jeni mbili ambazo ni ndugu hubanwa kuwa moja. Na vipande vya jeni mbili tofauti huungwa, ikapatikana jeni ya kubuni.

Kwa mhogo tatizo ni kubwa zaidi. Mhogo hupandwa kwa pingili, kizazi hadi kizazi, na nakala yake ya vinasaba kutoka kwa baba hutofautiana sana na ile ya mama. Programu isiyojua hilo huona nakala hizo kama jeni mbili tofauti.

Watafiti makini hufuata utaratibu ambao hata katibu wa AMCOS angeuelewa. Kwanza huunganisha vipande vya kila mashine peke yake, kwa kuwa kila moja ina tabia yake ya kukosea. Pili huweka mikusanyo yote pamoja na kuondoa nakala zinazofanana kabisa, pamoja na vipande vifupi vilivyomo ndani ya virefu. Tatu hutazama zinazokaribiana na kuamua kama ni mtu mmoja au ndugu wawili, kwa kulinganisha na kitabu cha mhogo kilichokwisha kuchapishwa.

Nne, na hapa ndipo wengi huruka, hurudi kwenye stakabadhi za awali. Huchukua vipande vyote vya asili vilivyotoka mashineni na kuangalia kama vinaikubali orodha mpya. Jeni ambayo haina kipande hata kimoja kinachovuka pale ilipoungwa inatiliwa shaka. Tano, hukagua kama zimo jeni ambazo kila mmea duniani lazima uwe nazo. Zikikosekana, orodha ina pengo. Zikitokea mara mbili mbili, marudio hayajaisha.

Fundisho hapa ni kwamba orodha ndefu si lazima iwe orodha bora. Mtafiti anayejivunia jeni 90,000 za mhogo, wakati kitabu kinasema takriban 30,000, huenda ana marudio mengi kuliko ugunduzi.

Mizani mbili hazijumlishwi

Kuna kosa jingine ambalo mkulima wa pamba atalitambua mara moja. Kujua jina la barua ni jambo moja, kujua ilitolewa mara ngapi ni jambo lingine. Mashine zote huhesabu, lakini kila moja huhesabu kwa mizani yake.

Fikiria kijiji A kimepima pamba kwa mizani ya kwanza na kijiji B kwa mizani ya pili, na hakuna aliyezilinganisha mizani hizo kwa jiwe moja. Kijiji B kikionekana kina kilo nyingi, je, kimevuna zaidi au mizani yake inavuta? Huwezi kujua, hata ukipiga hesabu usiku kucha.

Ndivyo ilivyo pale mihogo mizima inaposomwa na mashine moja na mihogo migonjwa ikasomwa na nyingine. Tofauti itakayoonekana yaweza kuwa ya ugonjwa, yaweza kuwa ya mashine, na hakuna programu itakayozitenganisha. Dawa yake hutengenezwa shambani kabla ya maabara: kila mashine isome mizima na migonjwa pia. Kisha ulinganisho ufanyike ndani ya kila mashine kwanza, na baada ya hapo ndipo majibu yawekwe mezani pamoja. Jeni inayopanda kwa mgonjwa katika mashine zote tatu inastahili kuaminiwa kuliko inayopanda katika moja tu.

Takataka yaweza kuwa ndiyo habari

Wakati wa kusafisha takwimu, jambo la kawaida ni kutupa kila kipande kisichofanana na mhogo. Inaonekana ni busara, lakini virusi vya michirizi ya kahawia vimeandikwa kwa RNA. Vinaposhambulia mmea, RNA yake husomwa pamoja na ya mmea. Anayetupa kila kisicho mhogo anaweza kuwa anamtupa mwizi mwenyewe na kubaki na malalamiko ya aliyeibiwa.

Vipande hivyo vina thamani kubwa. Mwaka 2015, Joseph Ndunguru, wakati huo akiwa mtafiti katika kituo cha Mikocheni jijini Dar es Salaam, pamoja na wenzake walichapisha usomaji kamili wa virusi 12 vya michirizi ya kahawia kutoka Afrika Mashariki, wakaonyesha kwamba virusi hivi vina aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2016, Titus Alicai wa Uganda na wenzake wakaonyesha kwamba aina moja kati ya zile mbili inabadilika kwa kasi kubwa kuliko nyenzake.

Hilo lina maana gani kwa mfuko wa mkulima? Kipimo cha maabara hutafuta kirusi kwa kutumia kipande kidogo cha maandishi yake. Kirusi kikibadilika pale pale, kipimo hakikioni, na pingili zenye ugonjwa zinapewa cheti cha usafi. Vipimo vikitengenezwa kwa kutazama masomo mengi ya wilaya nyingi, kutoka mashine zote, uwezekano wa kudanganyika unapungua. Kwa hiyo jani lililochumwa Chato au Mbogwe lina thamani katika orodha hiyo, kwa sababu virusi vya pwani haviwezi kusema kwa niaba ya virusi vya huku.

Mhogo mmoja, majina matatu

Upo mfano wa wazi wa hatari ya kuunganisha bila kuuliza. Katika kituo cha Amani, kazi ya kutafuta mhogo unaohimili michirizi ilianza miaka ya 1930 kwa kuchanganya mhogo na ndugu zake wa porini. Miongoni mwa mazao ya kazi hiyo ni mhogo uliopewa namba 46106/27. Mhogo huo ulitoka mikononi mwa watafiti ukaingia mashambani. Kusini mwa Tanzania unajulikana kama Namikonga, na Kenya kama Kaleso. Watafiti wanautambua kuwa ni mhogo ule ule.

Mwaka 2014, M. N. Maruthi wa Uingereza na wenzake walisoma RNA ya Kaleso na ya mhogo uitwao Albert, ambao huugua haraka. Walikuta jeni zaidi ya 700 zilizoongeza kazi katika Kaleso iliyoambukizwa. Mwaka 2017, timu nyingine ilichapisha usomaji wa Namikonga na Albert kwa nyakati mbalimbali baada ya kuambukizwa aina ya pili ya kirusi. Mwaka huo huo, watafiti wakiwamo Watanzania kadhaa walichapisha matokeo ya kuchanganya Namikonga na Albert, yakionyesha sehemu za vinasaba zinazohusiana na ustahimilivu.

Sasa fikiria mtu anayeunganisha takwimu hizo akiwa ofisini mbali, asiyejua historia ya Amani. Ataona Kaleso na Namikonga kama mihogo miwili tofauti inayokubaliana, na atafurahi kwamba ana mashahidi wawili. Kumbe ni shahidi mmoja aliyeitwa mara mbili. Habari ya jina la mhogo, inayojulikana na wakulima na mabwana shamba, ina uzito sawa na mashine ya mamilioni.

Aidha, ikumbukwe kwamba Namikonga ni mhogo wa kusini na pwani. Siri yake ikifahamika, bado wazalishaji wa mbegu wa Ukiriguru, kituo kinachohudumia Kanda ya Ziwa, watahitaji kuipandikiza kwenye mihogo inayokubalika huku, inayohimili batobato na inayotoa udaga mzuri. Alama za vinasaba zikiwa sahihi, kazi ya kuchagua miche hupungua miaka. Zikiwa za kubuni, miaka inapotea na mkulima anaendelea kupanda kilekile.

Maabara chini ya mti

Habari njema ni kwamba mashine zinazidi kusogea shambani. Laura Boykin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Western Australia, pamoja na watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, walibeba mashine ya Nanopore inayotosha mkononi na kuitumia kwa betri katika mashamba matatu, moja katika kila nchi. Katika ripoti yao ya mwaka 2019 walieleza kwamba tangu kufika shambani hadi kupata jibu la awali la virusi vya batobato zilipita chini ya saa tatu.

Hata hivyo, mashine hiyo ndogo nayo ni mizani mpya yenye tabia yake. Majibu yake yatakuwa na maana zaidi yakisomwa pamoja na hazina iliyokusanywa na mashine za zamani. Pia ieleweke kwamba programu za simu kama Nuru, inayotambua magonjwa ya mhogo kwa picha na kuongea Kiswahili, hutazama dalili za jani. Zinasaidia sana, lakini ugonjwa ambao bado haujaonyesha dalili hauwezi kupigwa picha.

Hesabu ya mkulima

Wakati sayansi ikiendelea, mkulima ana uamuzi wa msimu huu. Je, anunue pingili zilizokaguliwa au achukue za bure kwa jirani? Tupige hesabu. Namba za bei na mavuno hapa chini ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja inachukua pingili kama 4,000. Tuseme pingili iliyokaguliwa ni Sh50. Gharama ni Sh200,000. Tuseme ekari hiyo ikiwa salama inatoa tani nne za mihogo mibichi, na kilo ni Sh200. Mapato ni Sh800,000.

Ina maana kwamba ugonjwa ukiharibu robo tu ya mavuno, yaani tani moja, mkulima wa pingili za bure amepoteza Sh200,000, sawa na bei ya pingili safi. Ukiharibu nusu, amepoteza Sh400,000. Ubure wake umemgharimu mara mbili. Na ugonjwa huu una uwezo wa kuharibu mizizi yote.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaiandiki. Shamba safi la msimu huu ni chanzo cha pingili za msimu ujao. Anayeanza na ugonjwa anaurithisha kwa kila anayempa mbegu. Hapa ndipo mihogo yenye ustahimilivu wa juu juu, kama Kiroba, inapohitaji uangalifu: mizizi yake huweza kuonekana mizuri huku mmea ukiwa umebeba virusi vitakavyompata jirani aliyepanda mhogo dhaifu.

Nini kifanyike?

Kwa mkulima, nunua pingili kwa mzalishaji aliyesajiliwa na anayekaguliwa na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), na uliza cheti. Kama lazima utumie pingili zako, usikate shina kabla ya kupasua mihogo ya shina hilo. Ikiwa na madoa ya kahawia, shina hilo ni kuni, si mbegu. Tazama majani ya chini, tazama michirizi kwenye shina bichi, na ng'oa mapema mimea inayoonyesha dalili.

Kwa mchuuzi anayenunua shamba ardhini, pasua mihogo ya mashina kadhaa katika pembe zote za shamba na katikati kabla ya kukubaliana bei. Na usibebe pingili kutoka wilaya nyingine kwa kuwa gari linarudi tupu.

Kwa viongozi wa vijiji, vyama na halmashauri wanaopokea watafiti, yapo maswali matatu ya kuuliza bila aibu. Je, mihogo mizima na migonjwa itasomwa kwa mashine ile ile? Je, mihogo ya kijiji chetu imeandikwa kwa majina yake yote, ya hapa na ya kitaalamu? Na je, takwimu zitawekwa mahali ambapo watafiti wa Ukiriguru na Mikocheni wataweza kuziunganisha na nyingine, au zitaondoka na mradi?

Mchimbaji mdogo wa Geita hauzi dhahabu kwa kutazama rangi yake tu. Hutaka ipimwe, na akitilia shaka mizani moja huomba nyingine. Mhogo nao umefika mahali pa kupimwa kabla ya kupandwa. Mashine zipo na takwimu zipo, lakini zitamfaa mkulima pale tu zitakapounganishwa na watu wanaojua kwamba Juma Masanja na Masanja Juma ni mtu mmoja.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.